Samli Kwenye Chupa

Mume wangu alikuwa mwalimu wa sayansi, na kwa hilo nilimsamehe mengi. Tulipohamishiwa Wajir, kaskazini kwenye ukame, watu wengine waliogopa shifta, wale waasi wenye bunduki. Yeye alianza kuchunguza sufuria. Maji ya visima yalikuwa ya chumvi, na alumini ilitoboka upesi.

"Wewe ndiye unayeziua," aliniambia. Eti alumini hujifunika utando mwembamba wa kuikinga, nami nauondoa kwa jivu. Nilinuna, nikaendelea kusugua mpaka nijione uso. Nilikotoka, sufuria nyeusi ni aibu ya mwenye nyumba.

Yeye akapita mji mzima akiomba sufuria mbovu, azikate vipande avitie kwenye chupa za maji ya kisima alizozipanga dirishani.

Mama mmoja wa Kisomali ndiye aliyekuwa akituletea kuni. Mifugo yake ilichukuliwa na askari, naye akawekwa kambini, ndani ya seng'enge. Siku moja, nikiwa sokoni, alimletea mume wangu sufuria yake ya pekee, imetoboka. Fundi wa kuziba alikuwa amekimbia vita. Ndani mlikuwa na kikopo cha samli, maana mtu haendi kuomba mikono mitupu.

Mama yule aliporudi baada ya wiki kadhaa, aliniita mlangoni. "Abaayo, dada yangu, sufuria yangu iko tayari? Watoto nakula kwa mikebe."

Sikuelewa. Mume wangu alielewa kidogo hata kuliko mimi, kwani alimshika mkono kwa furaha akampeleka dirishani. Kipande kilichosuguliwa jivu kilikuwa na matundu. Kilichopakwa samli kilikuwa kizima.

"Unaona, mama? Samli yako imekikinga!"

Mama alivitazama vipande vya sufuria yake. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba aliileta izibwe, nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Nilimwonea mume wangu aibu, na chupa zake, na hata ile nyumba ya serikali tuliyopewa. Nikaenda jikoni nikaleta sufuria yangu kubwa, ile niliyopewa na mama yangu nilipoolewa.

"Hii si yangu," alisema.

"Ni yako. Chukua."

Aliipokea polepole. Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Juu ya maji ya ile chupa mafuta yalielea, ya manjano.

"Na samli," mama akaniuliza, "mlikula?"

"Tulikula," nikasema. "Ilikuwa tamu sana."

"Alhamdulillahi," akajibu, macho yake yakiwa bado kwenye chupa.