Tarehe Aliyoulizwa Shoga Yangu

Miaka ile nilikuwa nakunja mashuka katika chumba cha kufulia cha hospitali moja kaskazini ya London. Nilikuwa nimeondoka Unguja zamani, baada ya mapinduzi, na kazi za kusimama ndizo nilizozipata. Kila asubuhi nilipanda basi kutoka Tottenham nikiwa nimechoka kabla kazi haijaanza.

Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Mmoja anashika ncha huku, mwengine kule, mnasogeleana, mnaachana. Aliyeshika ncha ya pili alikuwa mwanamke mfupi kutoka Guatemala. Kiingereza chake kilikuwa kibovu na changu hakikuwa kizuri, labda ndiyo maana tulielewana. Nilimwita shoga, kama wanawake wa kwetu tunavyoitana, naye akalichukua neno akaniita hivyo hivyo.

Kwao ni mji mdogo milimani, una barabara moja na soko siku mbili kwa wiki. Watu wake ni Wamaya. Wahispania walipofika waliwateremsha watu kutoka vilimani wakawaweka pamoja, ili iwe rahisi kuwasalisha na kuwatoza kodi. Wakajenga kanisa jeupe kwa mawe ya hekalu la wazee wao, na mbele ya jina la mji wakabandika jina la mtakatifu.

"Mama yangu hulitaja lile la zamani tu," aliniambia. "Hilo jengine anasema ni la barua."

Wanajeshi waliuchoma mji huo. Mumewe hakuonekana tena, yeye akakimbia. Hayo aliyasema kwa maneno machache, shuka mkononi. Sikuuliza zaidi, kwa sababu na mie yapo yangu ambayo sipendi kuulizwa.

Alipoomba hifadhi aliletewa mkalimani wa Kihispania, lugha aliyojifunzia sokoni. Maofisa wakamuuliza wanajeshi walikuja tarehe gani. Akataja mwezi mmoja. Walipomuuliza mara ya pili akataja mwengine. Ikaja barua kwamba maelezo yake yanapingana na haaminiki.

"Shoga, kwa nini ulitaja miezi miwili?" nilimuuliza wakati wa chai.

"Walitaka mwezi. Mie mwezi siujui. Siku ndiyo ninayoijua."

Akanieleza kuwa kwao ipo hesabu nyengine, ya kabla ya Wahispania. Siku zina majina ishirini, yanazunguka pamoja na namba kuanzia moja hadi kumi na tatu. Baba yake alikuwa mmoja wa wazee wanaoitunza hesabu hiyo. Siku waliyokuja wanajeshi shoga alikuwa anaijua kwa jina lake na namba yake.

"Na hukuwaambia hivyo?"

"Nilimwambia mkalimani. Alicheka kidogo. Sijui kama alitafsiri."

Mtu akiniuliza ghafla mapinduzi yalitokea lini, kinachonijia kwanza si tarehe. Nakumbuka kuwa Ramadhani ilikuwa imekaribia, mama ameshaanza kuchambua choroko za futari ungoni, na ungo ule ukabaki uani siku tatu hakuna wa kuuondoa.

Mwanasheria wake alisema rufaa itahitaji tarehe moja, yenye maelezo. Jumapili nikampeleka Kingsbury, kwa Mhindi mmoja mzaliwa wa Dar es Salaam ambaye dukani kwake nilikuwa nanunua unga na viungo. Nilikumbuka kuwa mkewe hatupi kalenda, maana huandika humo siku zake za kufunga.

"Za miaka ya nyuma bado mnazo?" nikamuuliza.

"Zipo, bibi. Unazitakia nini?"

"Huyu mwenzangu ana siku yake imempotea."

Hakuuliza tena. Nilimtajia mwaka, akaileta kalenda yake akaitandaza juu ya magunia ya mchele.

Tulihitaji siku moja ya kuanzia, inayojulikana kwa hesabu zote mbili. Shoga alifikiri sana. Kisha akasema: sikukuu ya mtakatifu wa mji. Kanisa haliisogezi, kila mwaka ni tarehe ile ile, na mwaka ule iliangukia siku ambayo, katika hesabu yao, wazee hawaipendi, watu wakanung'unika. Akaweka kidole hapo. Akaanza kwenda mbele, kisanduku baada ya kisanduku, akinong'ona jina na namba kwa lugha yake. Mwenye duka aliwaacha wateja wakingoja, akaja kusimama karibu yetu.

Kidole kikasimama kwenye Jumanne moja.

"Hapa," akasema. Hakulia. Tulirudia mara tatu, ikatoka Jumanne ile ile, na mgongo wangu ulikuwa unawaka moto kwa kuinama.

Nilimwandikia maelezo kwa Kiingereza changu cha skuli, kurasa mbili. Mwanasheria akatafuta mpaka akapata ripoti ya mapadri iliyoutaja mji ule. Tarehe ilikuwa hiyo hiyo.

Jibu lilichukua karibu mwaka. Alikubaliwa. Aliisoma barua akiwa amesimama, akasema "Haya," akaitia mfukoni mwa eproni, akashika ncha yake ya shuka. Nilidhani tungefurahi zaidi. Lakini wodi zilikuwa zinangoja mashuka, na furaha nayo inataka nguvu.

Haukupita muda mama yake akafariki. Ruhusa ya kukaa alikuwa nayo, karatasi za kusafiria zilikuwa bado. Akaniambia kwao mtu akifa huchomwa utomvu mkavu wa mti. Alivyoueleza nikajua ni kitu kama sandarusi. Mie nyumbani nilikuwa na ubani tu, nikauleta.

Ndani kulikuwa na king'ora cha moto, kwa hivyo saa ya chakula tuliuchoma nje, karibu na mapipa ya taka, kwenye kisahani. Aliomba kwa lugha yake, mie nikasoma Fatiha kimoyomoyo. Msimamizi akachungulia mlangoni, akatutazama, akasema zimebaki dakika tano.

Jioni nguo zangu zilikuwa bado zinanukia. Kwenye basi mtu aliyekaa karibu yangu aliinuka akahamia kiti cha nyuma, na mie nikapata nafasi ya kunyoosha miguu.