Nyumba Aliyoibomoa Baba kwa Kuogopa Kodi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo nashika kichwa. Ilikuwa katika ile miaka ya tisini. Mimi ni kijana, napima majani kwenye kituo cha kununulia chai, na Jumamosi hiyo tulifunga mapema. Nikatembea hadi nyumbani, kwenye ploti ya baba pale senta, penye maduka, kando ya barabara ya Sosiot. Kufika getini nikasimama. Baba yangu alikuwa juu ya paa, anang'oa mabati.

Na si mabati ya kibanda kikuukuu. Nyumba ya mama! Nyumba aliyoijenga kwa bonasi ya chai na maziwa ya kila asubuhi, sakafu ya simiti, madirisha ya vioo. Hata mwaka ulikuwa haujaisha tangu tuhamie. Mama mwenyewe alikuwa ameketi nje juu ya godoro lililokunjwa, vibuyu vyake vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha, vimepangwa kwenye nyasi, anamtazama mumewe kama mtu anayeona gari likipinduka.

"Baba, kuna nini?" nikapiga kelele.

"Pokea hii bati, usiulize mingi."

"Umeuza nyumba?"

"Watu wa kanjo, wale wa baraza la mji, wanakuja Jumatatu," akasema, bila kuacha kung'oa misumari. "Wanapima mali ya mtu, halafu unalipa kodi kulingana na vile mali yako iko. Wakikuta hii nyumba na vioo, tutalipa mpaka ploti ipigwe mnada. Wakikuta kile kibanda cha jikoni peke yake, watatuacha."

Nilimgeukia mama. Alikuwa anavivuta vibuyu vyake karibu na godoro, kimoja kimoja.

Usimcheke babu yako lakini. Alikuwa mtoto wakati wa mkoloni, wakati kila nyumba ilitozwa kodi yake. Baba yake alikuwa na wake wawili, kila mmoja na nyumba yake. Siku ya kuhesabiwa ilipokaribia, mzee yule akabomoa nyumba moja, akawaweka wake wote wawili katika ile iliyobaki. Mzungu akapita, akahesabu moja, akaenda zake. Kichwani mwa baba huo ulikuwa ushindi. Jambo ambalo hakuwa ametuambia, akalisema siku hiyo akiwa juu ya paa na nyundo mkononi, ni kwamba nyumba iliyobomolewa ilikuwa ya mama yake, na haikujengwa tena.

"Alikaa kwa nyumba ya mwenzake mpaka akakufa," akasema, kisha akaendelea na msumari uliofuata.

Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka pale getini. Analijua, na bado anang'oa! Na wewe unaijua mvua ya kwetu, haichelewi. Jioni haijaingia ilikuwa inanyesha juu ya sakafu ya simiti, na mama amehamia jikoni kwenye moshi.

Jumatatu akaja kijana mmoja wa kanjo, amevaa gambuti, ameshika utepe wa kupimia, chifu yuko nyuma yake na majirani wanawafuata. Akapima upande wa barabara, akauliza mipaka iko wapi, akaandika, akaanza kwenda ploti ya pili. Hapo palikuwa na gorofa ya jirani yetu mfanyabiashara, baa chini, vyumba vya kukodisha juu.

Baba akamwita. "Kijana, hujaingia ndani."

"Ndani kufanya nini, mzee?"

"Kuhesabu nyumba."

"Sisi hatuhesabu nyumba, mzee. Tunaangalia ardhi tu, na mahali ploti iko. Hata ungejenga gorofa, kodi ni ile ile."

Baba aliketi juu ya rundo la mabati aliyoyang'oa kwa mikono yake, na majirani wakaanza kutazama viatu vyao.

Mama ndiye aliyesimama.

"Na huyu wa gorofa, atalipa aje?"

"Ploti zenu ni sawa, mama. Mtalipa sawa."

"Sawa? Yeye anakusanya pesa ya vyumba kila mwezi, mimi nakamua ng'ombe mbili, halafu tulipe sawa?"

"Ardhi ni bei moja, mama."

"Kijana wangu, ukienda soko kununua ng'ombe, unauliza anatoa maziwa kiasi gani, ama unauliza amesimama wapi?"

Watu walicheka, hata chifu. Yule kijana naye akacheka, kisha akanyoosha kidole kwenye rundo la mabati.

"Mama, tukihesabu nyumba, senta yote itafanya vile mzee amefanya. Watu watalala nje ndio wasilipe."

Mama alikuwa na haki, na yule kijana alikuwa na haki, na mimi sikujua nisimame upande gani. Mpaka leo sijui vizuri. Lakini mama alijua la kumwambia.

"Basi mngekuja kutuambia mnapima nini, kabla mzee hajapanda juu."

Kisha akamgeukia baba, mbele ya watu wote, jambo ambalo kwetu mke halifanyi. Hakupaza sauti, akamwita kwa jina langu.

"Baba Kiprono, mama yako alibomolewa na mzungu. Mimi nimebomolewa na nani?"

Baba akalia. Sikuwa nimewahi kuona machozi yake.

Alijenga tena, lakini mbao zilikuwa zimepasuka na mabati yametoboka, kikatoka chumba kimoja tu. Mama alikuwa amelala jikoni misimu miwili ya mvua, na kifua alichokipata kwenye ule moshi hakikumwacha tena. Tulimpeleka hospitali mara nyingi. Ndicho alichokwenda nacho kaburini.

Sasa juzi nakusikia unasema hutamalizia nyumba yako, wala hutawawekea watoto dari, eti watu wa kaunti wakiiona nzuri watakupandishia kodi. Nilikosa usingizi, mwanangu.

Sikiliza. Kodi ilipe, kwa sababu barabara na mtaro havijijengi. Lakini kwanza nenda ukaulize wanapima nini, tena uliza ofisini, si sokoni. Wakiita mkutano wa kodi, uende, hata kama kuna majani ya kuchuma. Ukiona maskini na tajiri wanatozwa sawa, sema. Ukiona mtu anaadhibiwa kwa kujenga vizuri, sema pia, na usitishike ukiambiwa hayo mawili yanagongana, kwa maana yanagongana kweli na ndiyo sababu ya kukaa chini kuzungumza. Ila usichukue hofu yako ukawatwika watu wa nyumbani kwako. Serikali ikikukosea, unaweza kuipinga. Mke wako ukimkosea, atampinga nani?

Mungu akubariki, akupe nyumba kavu yenye watu na kicheko. Mke wako azeekee ndani yake, na asitokee mtu wa kumtoa humo, awe wa serikali au awe wewe.