Pumu ya Kuazima

Juzi, katika foleni ya zahanati moja Nyakanazi, mbele yangu walisimama binti mkimbiaji na kocha wake.

"Mwambie daktari una pumu," kocha alimnong'oneza. "Akikupa cheti, utaruhusiwa ile dawa ya kuvuta inayoongeza pumzi mbioni. Bila cheti, wakikupima wakaikuta, watakufungia mashindano."

Binti alikunja mikono kifuani.

"Kocha, pumu ilimuua mama. Mimi ndiye niliyekuwa nampepea. Siwezi kuazima ugonjwa wake."

"Na kwenye mbio za Jumapili wenzako wakikuacha?"

"Wataniacha nikiwa mzima."

Akatoka kwenye foleni.

Jumapili alishika nafasi ya nne, na medali ziliishia kwa wa tatu. Mimi natunza daftari la majina ya ukoo wetu wa Mbuba. Binti yule si ndugu yetu, lakini nimemwandika humo. Kuazima mtu kama yeye hakuhitaji cheti.