Mtu, au Si Kitu

Ofisi yetu ilikuwa kontena la bati lililotobolewa madirisha, juu kidogo ya kambi, upande wa Ngara. Jenereta ilipowashwa asubuhi meza zilitetemeka, na vumbi jekundu likashuka taratibu juu ya kibodi. Mimi ni mzaliwa wa Mugoma, hapo hapo Ngara. Nilisomea kompyuta Mwanza, nikarudi, na shirika lililoniajiri likanikabidhi programu ya kuwatafutia wakimbizi ndugu waliopotezana nao njiani kutoka Burundi.

Aliyeiandika alikuwa mgeni na alishaondoka. Aliigawa katika vipande vidogo vinavyoitwa fanksheni. Kila fanksheni hupokea kitu, hufanya kazi yake, kisha hurudisha kitu. Ile kubwa ilipokea jina la mtoto na jina la ukoo, ikatakiwa kurudisha mtu. Tatizo ni kwamba lugha ile ya kompyuta haikujali umeipa nini. Ungeipa namba mahali pa jina, ingeendelea kimyakimya. Siku moja ilimrudishia baba mmoja namba ya kibanda mahali pa mwanawe. Tukadhani ndiko mtoto aliko, tukamwelekeza. Alikuta stoo ya majembe.

Baada ya hapo niliweka ukaguzi. Mwanzoni mwa kila fanksheni niliandika mistari ya kuuliza: hiki ulichopewa ni herufi au namba? Mwishoni nikauliza tena: hiki unachorudisha ni mtu kweli? Ukaguzi ulifanyika programu ikiwa kazini, kama kwenye kizuizi cha barabara ya Biharamulo. Hakuna anayekuuliza ukiwa bado nyumbani. Unaulizwa ukiwa tayari juu ya lori na mizigo yako, na usipokuwa yule anayetakiwa, safari yako inaishia hapo.

"Mashine yako sasa ina kiburi kuliko wale askari," alisema karani wa ofisi yetu, binti wa wafanyabiashara wa Biharamulo mjini. "Wao angalau ukiwapa shikamoo wanalegea."

Ndipo akaja yule mama. Usiku wa kuvuka mto wa mpakani alikuwa amembeba mtoto mchanga mgongoni, na binti yake mkubwa kidogo akabebwa na jirani. Walipofika ng'ambo hakumwona jirani, wala binti. Alinieleza kwa Kirundi, nikamjibu kwa Kihangaza cha nyumbani kwetu, na hatukuhitaji mkalimani. Eneo lake la kambi lilikuwa limepangiwa malori ya kurudi Burundi Jumatatu. Alitaka kujua kabla ya kupanda.

Niliandika jina la binti, kisha jina la baba yake kwenye nafasi ya ukoo. Programu ikasimama. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na maneno niliyoyatunga mwenyewe: *Nilitarajia mtu. Nimepewa si kitu.*

"Inasemaje?" mama aliuliza.

"Imesimama, mama."

"Imechoka?"

"Haijachoka. Imekataa jibu."

"Mwambie mwenye nayo ailegeze," karani alimdakia mama akininyoshea kidole, kisha akamwangalia usoni, akamsogezea benchi akae.

Nilielewa kilichotokea. Fanksheni ilipokosa mtoto ilirudisha utupu, yaani si kitu, na utupu si mtu, kwa hiyo mlinzi wangu wa mlangoni, yaani ule ukaguzi, aliuzuia na kazi yote ikakwama. Dawa yake ni mstari mmoja. Mahali nilipoandika kwamba kinachoruhusiwa kutoka ni mtu, niliongeza: au si kitu. Nikaiwasha upya. Safari hii ilikwenda hadi mwisho bila kulalamika, ikaacha ukurasa mweupe.

"Sasa imekubali," nilisema.

Mama aliinuka kwenye benchi. "Imekubali? Yuko wapi?"

Nilimgeuzia kioo auone ukurasa mweupe. Karani alimshika mkono akamkalisha tena.

"Iulize tena," mama alisema.

Niliuliza tena. Mahali pa ukoo nikaweka jina la mama, nikaweka la babu. Kila jina lilipita mlangoni bila shida, na kila mara ukurasa ukabaki mweupe. Ilinichukua muda kuona jambo ambalo mtu wa Ngara alipaswa kuliona tangu mwanzo. Kwa Warundi, kama kwa wazee wetu, mtoto harithi jina la baba. Kila mmoja hupewa lake anapozaliwa, na baba, mama na watoto wao wanaweza wasishiriki hata jina moja. Yule mgeni aliyeandika programu alitaka ukoo, na makarani wa vituo vya watoto waliopotezana na wazazi wakalazimika kujaza nafasi ile. Wengine waliandika jina la kilima, ambacho kule ndicho kijiji, wengine la mtakatifu, wengine la yeyote aliyemleta mtoto. Mlinzi wangu aliuliza kama ni herufi. Zilikuwa herufi. Zote zilikuwa sahihi.

Nikatafuta kwa kilima cha nyumbani kwao. Walitokea wasichana, nikamsomea mmoja baada ya mwingine, naye akatikisa kichwa kwa kila mmoja. Huyu mkubwa mno. Huyu ana kaka. Huyu mama yake amefariki. Nilipofika mwisho alifunga upya kanga ya mtoto mgongoni.

"Mwana wanje," aliniambia, yaani mwanangu kwa Kirundi, "na binti yangu akija kuuliza, itampa mtu?"

Sikuwa nimemwandika mama mwenyewe. Alikuja kama mtafutaji, na programu ilihifadhi wanaotafutwa tu. Nikamwandika yeye: jina lake, kilima anachorudi, jina la binti. Akaniomba niijaribu mbele yake. Nikajifanya binti, nikauliza jina la mama. Ikarudisha mtu, na mlango ukampitisha mara moja.

"Ni mimi huyo?"

"Ni wewe, mama."

"Basi mimi nimepatikana," alisema, akamtazama karani kama anayetaka acheke. Karani hakucheka.

Jumatatu malori yaliondoka asubuhi kuelekea mpakani. Kutoka mlangoni mwa kontena sikuweza kutofautisha kanga moja na nyingine. Niliingia ndani, nikaandika jina la binti, nikabonyeza. Kama nilivyoifundisha, haikulalamika; ikaacha ukurasa mweupe.