Mita Mbili za Uani

Nesi alinipigia simu kutoka Dar mchana mmoja nikiwa kwenye cherehani, napindisha sketi za sare ya shule. Aliniamkia shikamoo kwa heshima zote, akanieleza kwamba mume wangu ameshachomwa dawa yake ya kwanza na hali yake ni nzuri, na sasa angependa tuzungumze kidogo kuhusu mambo ya kulala.

"Mama, baba akifika nyumbani asilale na wewe kitanda kimoja kwa siku kadhaa. Najua ni vigumu, lakini mvumilie."

Nilicheka. Sikucheka kile kicheko cha adabu cha kwenye simu, nilicheka mpaka mguu ukaacha kukanyaga cherehani na machozi yakanitoka, na nesi wa watu akabaki kuniuliza, "Mama, upo? Mama, uko salama?" Ningemwambia nini binti ambaye sijawahi hata kumwona sura? Mume wangu alikuwa hajalala na mimi kwa zaidi ya miaka miwili. Hata ingekuja serikali nzima kumkataza, isingekuta cha kukataza.

Ugonjwa wenyewe ni saratani ya tezi dume. Ilipogundulika ilikuwa imeshatambaa hadi kwenye nyonga na uti wa mgongo, kwa hiyo hapakuwa na habari ya kupasua na kutoa. Walimwanzishia sindano za kushusha homoni za kiume, maana ndizo zinazoilisha saratani hiyo. Zikamsaidia, siwezi kuzisema vibaya, lakini ziliondoka na vitu vyake vingine pia. Joto lilikuwa linamshika ghafla na jasho linamtiririka hata wakati wa baridi. Kifua kikalainika. Na lile jambo ambalo mwanaume halisemi likanyamaza kabisa. Akahamia chumba cha vijana wetu, ambao walishaoa na kuondoka, akisema huko kuna hewa. Siku za mwanzo nilimwamini. Halafu nikaona ameondoka na viatu vyake vya kanisani, nikajua kwamba hafuati hewa.

Tukawa tunaishi kama wapangaji wawili wanaoheshimiana. Nasema chakula tayari, anasema asante. Mimi si mwanamke wa kuambiwa asante na mume niliyemzalia watoto. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu, arudi chumbani kwetu, na ugonjwa wake na kila kitu, ila sikujua nimwambieje asije akaona namdai asichokuwa nacho. Na mimi ninayejulikana mtaa wetu mzima wa Ng'ambo kwa mdomo, kwa hilo mdomo ulikuwa mzito.

Sindano zilipoacha kufanya kazi maumivu yakarudi, akawa hawezi kuinuka kwenye kigoda bila kushika ukuta. Watoto wakachanga, kijana wetu mkubwa akampeleka Dar. Ni yeye aliyenieleza hiyo dawa mpya, kwa lugha ya sisi tusiojua. Alisema ina mionzi ndani yake. Inaingia kwa mshipa, inatembea na damu, inazisaka chembe za saratani popote zilipojificha, ikizipata inaganda hapo hapo na kuzichoma. Haitamaliza ugonjwa, madaktari waliwaambia wazi, lakini inaweza kuurudisha nyuma na kumpunguzia maumivu, na atachomwa tena na tena kwa kupisha wiki kadhaa. Sasa kwa kuwa mionzi iko ndani ya mwili wake, siku za kwanza na yeye mwenyewe anaitoa kidogo. Ndiyo maana ya kukaa mbali na watu, hasa watoto na wajawazito.

Na mjamzito tulikuwa naye. Alikuwa mpangaji wetu wa chumba cha mbele, tumbo limeshafika mbali, kazi yake kupika vitumbua.

Mzee aliletwa na kijana wetu, amekaa kiti cha nyuma cha gari, pembeni kabisa, kama mbunge. Alishuka, akaniangalia, akapita moja kwa moja kwenda kuchukua ule mti wake mrefu wa kupandishia mizinga ya nyuki, akaupima kwa hatua, akaulaza chini uani. Upande huu baraza langu na cherehani. Upande ule kigoda chake, karibu na tangi la maji. "Nesi amesema mita mbili," akasema. "Huu unazidi kidogo, lakini na wewe unazidi kidogo." Ulikuwa muda mrefu hajanitania.

Tulimpa choo cha ndani peke yake, sisi wote tukahamia cha nje. Aliambiwa akae hata kwa haja ndogo, kisha amwage maji mara mbili. Mwanaume wa Sikonge, aliyezoea pori zima kuwa lake, kukaa kwa haja ndogo ilimwuma kuliko sindano. Na ili asikutane na yule binti mjamzito mlangoni, aliifungua kengele ya baiskeli yake, akawa anatembea nayo mkononi. Ukisikia krin krin, ujue mzee anakwenda chooni. Mtaa mzima ulijua ratiba ya kibofu chake.

Asubuhi ya pili nilipotoka nje nilimkuta ameshakaa upande wake. Akapaza sauti, "Mwangaluka, mama."

Hiyo salamu ya asubuhi ya kwao hakuwa amenipa tangu alipohama chumba. Nikaitikia. Akasema, "Sikia, mimi niko kambini. Asali bado haijafika nyumbani. Usimgombeze mtu."

Hapa inabidi nieleze. Mume wangu ni mrina asali, na baba yake vilevile. Kwao mwanaume akienda kambi ya asali porini, anakaa huko wiki kadhaa na hasogelei mwanamke mpaka asali iingie nyumbani. Na mke aliyebaki naye ana sharti lake, asigombane na mtu yeyote, kwa sababu nyuki wanajua, wanakuwa wakali. Mama mkwe alinikabidhi sharti hilo wiki ile ile ya harusi, na sikuwahi kuliweza. Kila mume wangu aliporudi amevimba uso hakuuliza habari za nyumbani, aliuliza, "Safari hii ulimgombeza nani?" Na kila mara alikuwa na haki ya kuuliza.

Mimi ni Mmoravian tangu utotoni na nimeimba kwaya mpaka sauti imechakaa. Siamini kwamba nyuki wanafuatilia ugomvi wa wanawake. Lakini dawa ilikuwa inazunguka ndani ya mume wangu inatafuta, na sikuwa tayari niwe mimi niliyeiudhi. Nikaamua sitagombana.

Nani asiyejua kwamba siku ukiamua hivyo ndipo dunia inakuja na vyake vyote? Mwuza mkaa aliniletea gunia ambalo nusu ni vumbi. Nikamwambia Mungu ambariki. Mteja mmoja, aliyenenepa tangu nimpime, alirudisha gauni akidai nimemwibia kitambaa. Nilitabasamu mpaka mashavu yakaniuma, na mzee kule kwenye tangi amejishika mbavu, anachochea. "Mama, dada anasema umemwibia. Mama, hukusikia? Anasema mwizi." Nikamjibu kwa upole kwamba nimesikia, baba. Yule mteja alitutazama sote wawili, akachukua gauni lake akaondoka, nadhani alifikiri na mimi nimechomwa kitu.

Jambo ambalo sikulitegemea ni kwamba kwa mita mbili huwezi kunong'ona. Mtu aliyekuwa ananipa neno moja kwa siku sasa alilazimika kupaza sauti hata kuomba chumvi, na akishapaza sauti anaona ajabu kuishia kwenye chumvi. Akawa anasimulia. Alinisimulia ile mashine iliyompiga picha mwili mzima, jinsi alivyoonyeshwa vidoa vinavyong'aa mifupani. Alisema aliogopa. Alilisema hilo kwa sauti ya kumfikia mtu wa barabarani, na mpangaji wetu akamjibu kutoka chumbani kwake, "Pole, babu." Alisema dawa imemkausha kinywa, ugali haushuki. Nikampikia mlenda kila siku, nikiusogeza mpaka kwenye mti na kurudi nyuma, naye anakuja kuuchukua akiniangalia kwa jicho la pembeni.

Siku moja akauliza, "Hilo gauni ulishona lini?"

"Mwaka juzi."

"Mbona sikuliona?"

"Ulikuwa unaangalia sahani."

Halafu akasema linanipendeza mgongoni. Nina wajukuu, jamani, na kesho yake nilivaa hereni kushona sare za shule. Nilijipaka mafuta. Uzi ulikuwa unanikatikia ovyo kwa sababu macho yalikuwa kwenye tangi la maji. Nilikuwa na furaha ya kijinga ambayo hata ujanani sikuwa nayo, maana ujanani nilikuwa na kazi nyingi.

Halafu nikamwona anasimama. Aliinuka tu kwenye kigoda kufuata kikombe, mikono yote miwili iko hewani, ukuta hakuugusa. Niliona mimi kabla yake. Nikamwambia, "Mzee, umeshika nini?" Akaangalia mikono yake. Akakaa, akainuka tena. Akakaa, akainuka, sasa anacheka peke yake. Mpangaji alitoa kichwa dirishani kuona kuna nini na sote tukawa tunacheka tunamwangalia mzee mzima anavyokaa na kuinuka. Kesho yake nikamkuta juu ya baiskeli. Daktari alishamwonya kwamba mifupa yake ni dhaifu, akianguka itavunjika, na yeye anazunguka tangi la maji miguu imetanuka. Tusi lilinijia likafika kwenye meno. Nikalimeza. Akapita mbele yangu akasema, "Sema, mama, utasikia vizuri ukisema." Nilitamani kumchapa na kumkumbatia, na vyote viwili vilikuwa vimekatazwa.

Kisha nesi akapiga simu. Niliiweka kwa sauti kubwa ili na mzee asikie upande wake. Akauliza maumivu, akauliza kula, akafurahi. Halafu akasema kwamba muda wa kukaa mbali umetimia, tutaanza tena baada ya dozi nyingine, na sasa baba anaweza kulala kama kawaida.

Mzee akasema, "Asante."

Nilimwona uso unavyojifunga. Jioni ile alikula, akasema asante, akaingia chumba cha vijana. Siku iliyofuata hivyo hivyo. Aliuondoa mti, akaurudisha mahali pake, lakini kigoda hakukisogeza hata kidogo, na sauti ikarudi kuwa ile ya zamani. Hapo nikaelewa. Hospitali ilipokuwa imemkataza alikuwa huru kunichumbia, kwa sababu hakuna aliyetegemea jambo lolote kwake. Sasa ruhusa imetoka na ruhusa ndiyo iliyomtisha. Iliniuma, na nilikuwa nimechoka kumeza.

Mchana, watu wote wakiwepo, nikasimama barazani. "Mzee. Asali imefika nyumbani au haijafika?"

"Mama, watu wanasikia."

"Wamesikia habari za kibofu chako, wasikie na hii. Kwa nini huji chumbani?"

Akainuka. Akavuka ua, akaja akasimama karibu yangu, karibu ya kuweza kuona kwamba nyusi zake zimebaki chache. Akasema chini chini, "Sina kitu, mama. Nikija humo nitakuwa nimelala tu."

"Na mimi huwa nacheza ngoma humo? Nalala tu."

"Jasho linanitoka. Nitakulowesha."

"Shuka nitafua."

"Na nikifia humo?"

Swali hilo sikuwa nimelitegemea. Nikamwambia, "Basi nitakuwepo."

Aliingia chumba cha vijana na akatoka na mto wake kwapani na viatu vya kanisani mkononi, akapita mbele ya mpangaji na mbele ya mteja aliyekuwa anasubiri sketi, ameinua kichwa kama anakwenda kupokea cheti.

Jasho lilimtoka kweli. Asubuhi nilifua shuka, nikaitundika kwenye kamba katikati ya ua, pale ambapo mtu hawezi kupita bila kuinama. Yule binti mwenye mimba akaja na ndoo yake, akainama, akaangalia shuka, akaniangalia na mimi, akaniamkia huku amebana midomo asicheke. Nikamwitikia marahaba, nikaendelea kuikunjua shuka mpaka ikaenea kamba nzima.