Mume Wangu Alisema Naam

Uvumilivu wangu uliisha kituo cha polisi, mbele ya meza ya Sajini, mtoto akiwa mgongoni. Sajini alikuwa ananisomea maelezo ya mume wangu, yaani yale maneno ambayo polisi huyaandika mtu akihojiwa, kisha mwenyewe akatia sahihi chini yake. Alisoma taratibu, kama mtu anayewasomea watoto imla.

"Swali: ulikuwa unakwenda kasi? Jibu: ndiyo. Swali: ulimwona mwenye mkokoteni kabla hujamgonga? Jibu: ndiyo. Swali: breki zako mbovu? Jibu: ndiyo."

"Hakusema ndiyo," nikamwambia.

"Alisema naam. Naam ni nini, mama? Si ndiyo hiyo hiyo?"

Yusufu alikuwa kwenye benchi la ukutani, kofia magotini. Nikamgeukia. "Baba Rehema, mweleze Bwana Sajini ulisema naam ya namna gani."

Akainua uso, macho yamemtoka kwa hofu. "Naam?" akasema.

Sajini akachovya kalamu kwenye wino. Hapo nikaipiga ile meza kwa kiganja, kidau cha wino kikaanguka, na maneno niliyoyasema baadaye siyaandiki, kwa kuwa mama yangu mzazi anajua kusoma.

Nawaandikia nyie vijana mnaotaka kazi ya malori, iwe udereva au ukarani, mjue ilivyokuwa zamani zetu. Wazee huandika mambo haya wakishapata mvi. Mie bado nanyonyesha, na hiyo zamani ni ya juzi, lakini kazi yangu imekwisha kama ya mzee yeyote.

Niliianza baada ya kutoka sekondari, kwenye yadi ya malori huko Temeke. Siku ya kwanza Msimamizi, ndiye aliyekuwa mkubwa wa yadi chini ya tajiri, alinitazama kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa.

"Barua ya mwalimu wako inasema unajua Kiingereza," akasema. "Na kunyamaza, je, unajua?"

"Nikiona sababu."

"Hapa sababu utaziona kila siku."

Kazi yangu ilikuwa kuandika hati ya mzigo, karatasi inayosafiri na lori ikisema limebeba nini na linakwenda wapi. Malori yetu yalileta kuni, makaa na mananasi kutoka Chanika na Kisarawe, yakarudi na saruji na mabati. Njiani, kwenye Barabara ya Pugu, palikuwa na kizuizi: gogo lililopakwa chokaa, limelala juu ya mapipa mawili, na Sajini kwenye kiti chake kivulini. Gogo likiinuliwa unapita. Lisipoinuliwa, siku imekufa, na mananasi yanaanza kutoa maji.

Nilidhani gogo huinuka kwa ajili ya hati zangu. Msimamizi akacheka mpaka akakohoa. "Binti yangu, gogo huinuka kwa ajili ya mdomo," akaniambia. "Dereva mwerevu hutumia maneno kama petroli. Ya kutosha safari, na isimwagike hata tone."

Nikaenda siku moja na Mzee Mponda, dereva wetu mkongwe, nikajionee. Lori lake lilikuwa halina honi, na breki zake ilibidi azipige mara kadhaa kwa mguu ndipo zikumbuke kazi. Mzee Mponda alikuwa Mzaramo, Sajini Mnyamwezi, kwa hiyo ni watani. Hata hatujasimama sawasawa, mzee akatoa kichwa dirishani.

"Nani kamvisha viatu mtumwa wangu huyu?"

"Niliviokota kwenye kaburi la babu yako," akasema Sajini. "Unakwenda wapi na jeneza hilo?"

"Nakwenda kukununulia sabuni. Harufu yako imenifikia tangu Gongo la Mboto."

Askari wakacheka, Sajini akacheka, gogo likainuka. Hakuna aliyetazama breki. Nimekaa pale nimeshika hati yangu, nimeiandika vizuri kwa herufi za kulala, hakuna aliyeitaka.

Yusufu hakuwa na utani na mtu. Alizaliwa Lindi, akalelewa na bibi yake, na bibi yule alimfunza adabu moja mpaka ikamwingia kwenye mifupa. Kwao mtoto wa kiume akiitwa haitiki "ee", wala haulizi "nini". Huitika naam. Asiposikia vizuri, naam. Akizungumza na mkubwa, hutanguliza naam kwanza, ndipo afikiri, ndipo ajibu. Maana yake ni kwamba nipo, nakusikiliza, endelea kusema. Jibu lenyewe huja nyuma. Nilipompenda, nilimpendea hilo. Sijapata kusikia mwanamume akimwitika mkewe vizuri namna ile, na sitasema uongo kwamba nilikuwa simwiti hata bila haja, nimsikie tu.

Lakini alikuwa mtu wa hofu, na hofu yake ilitoka kwa njia ya ukweli. Wengine wakiogopa husema uongo. Yeye akiona kofia ya askari humwaga kila alichonacho moyoni, kama gunia limetoboka. Mara ya kwanza kusimamishwa akiwa dereva wetu, aliulizwa jina, akasema jina, halafu akaongeza kwamba wiki iliyopita alipita Buguruni bila taa ya nyuma. Akazuiwa mpaka jioni.

Basi Msimamizi akanipa kazi ambayo haikuwa ya karani. Kila asubuhi kabla ya malori kutoka, nikawafundisha madereva kusimamishwa. Nikakaa juu ya debe nililoligeuza, nikawa Sajini, kofia ya Msimamizi kichwani, na wao wanakuja mmoja mmoja. Zima injini. Mikono iwe juu ya usukani. Msalimie. Ngoja swali. Jibu lililoulizwa, funga mdomo. Ilikuwa tamthiliya nzuri, wapagazi waliacha magunia waje kutazama.

"Taa yako ya nyuma inawaka?" nikamuuliza Yusufu.

"Naam. Inawaka, Afande. Ila juzi ilizimika."

"Nimekuuliza ya juzi?"

"Hujaniuliza. Lakini ilizimika."

Wapagazi wakashika mbavu. Mzee Mponda akasema, "Mwanangu, ya juzi mwambie Mungu. Sajini mwambie ya leo, tena nusu."

"Na akija kujua?" Yusufu akauliza.

"Ajulie wapi? Wewe ndiwe gazeti lake?"

Tulifanya hivyo hata baada ya kuoana, hata tumbo langu likiwa limefika magotini. Yadini alijibu vizuri. Kizuizini alisahau yote. Nilikuwa namwambia usiku tukila, ungekuwa mwanamke ungeitika labeka, na labeka haijamfunga mtu. Alicheka, akasema Sajini angeshangaa sana.

Siku ya ajali lori lilikuwa zima. Breki zilitoka kwa fundi juma lile lile, nami ndiye niliyelipeleka. Pale karibu na Buguruni, mwanamume mmoja aliyekuwa akisukuma mkokoteni wa mbao alichomoka uchochoroni mbio, akaingia barabarani bila kutazama. Yusufu alifunga breki, lori likasimama, lakini mkokoteni ulikwisha fika ubavuni mwake. Mguu wa yule bwana ukavunjika.

Madereva ninaowajua wangekanyaga mafuta. Yusufu alishuka, akambeba mikononi, akamlaza kwenye lori, akampeleka hospitali. Akasubiri pamoja naye zamu ya kumwona daktari. Kisha, bila kuitwa na mtu, akaliendesha lori mpaka kizuizini, akazima injini, akaweka mikono juu ya usukani kama nilivyomfundisha, akamwambia Sajini, "Shikamoo Afande. Nimemvunja mtu mguu."

Sasa sikilizeni mahojiano yalivyokwenda. Ulikuwa unakwenda kasi? Naam? Kabla hajaongeza "hapana, Afande, nilikuwa gia ya pili", Sajini ameandika ndiyo na anauliza la pili. Mtu wa bara yule. Naam aliijua kwa maofisa wake, na kwao ina maana moja tu. Swali juu ya swali, naam juu ya naam, na lile jibu la nyuma halikupewa nafasi. Mwisho akapewa karatasi atie sahihi. Nilimuuliza kwa nini hakuisoma. Akaniambia aliona si adabu kumkagua mkubwa mbele yake.

Nilikwenda hospitali na Rehema mgongoni. Yule bwana wa mkokoteni hakunificha kitu. "Mumeo hana kosa, dada," akasema. "Nilikuwa nawahi kwa mwenye mbao, aliapa kunikata ujira nikichelewa."

"Njoo uyaseme hayo kortini."

Akautazama mguu wake uliofungwa plasta. "Nikiyasema, nao si watanigeuzia mie? Mie sina hata kazi ya kurudia. Nisamehe, dada."

Nilitaka kumchukia, nikashindwa.

Usiku wa kuamkia korti askari wa zamu alituhurumia, akaniacha nikae nje ya nondo za mahabusu. Nikamfundisha Yusufu upya. Usiseme naam. Ukiulizwa una kosa, sema sikukosa. Akarudia mpaka sauti ikamkauka. Na asubuhi, mbele ya Hakimu wa Kizungu, mkalimani akiwa kati yao, aliulizwa kama anakiri kosa, akasema, "Sikukosa." Wazi kabisa. Nikamkaza Rehema mgongoni kwa furaha.

Hakimu akafunua karatasi. "Bwana Sajini anasema ulipoulizwa habari ya kasi, ulijibu naam. Ulisema au hukusema?"

Jamani, mtu yeyote mwingine angekana. Nilimtazama mpaka macho yakaniuma.

"Nilisema, Bwana Hakimu."

"Na sahihi hii?"

"Ni yangu."

Nikasimama kueleza naam ni nini, Rehema akaanza kulia, askari wa mlangoni akanishika kiwiko akanitoa. Hukumu niliisikia kutoka barazani: kifungo, na leseni kufutwa. Alipopitishwa, pingu mikononi, nilimuuliza kwa nini, kwa nini hukukana. Akasema, "Lakini nilisema, Mama Rehema." Hakuwa na hasira hata kidogo. Angekuwa nayo ningepata pa kuegemea.

Kesho yake Msimamizi aliniita. Hakunitazama usoni, naye ni mtu aliyezoea kutazama. "Tajiri hawezi kuwa na karani aliyempigia Sajini meza," akasema. "Malori yetu yatapita wapi?" Mzee Mponda alikuwa nje ameegemea lori lake lisilo na honi, akanipa nanasi. Alasiri ile ile alipita kizuizini akipiga utani kama kawaida. Ndivyo nilivyostaafu.

Mtaniuliza, nyie vijana, basi tufanyeje tukisimamishwa. Sijui. Nilikuwa mwalimu wa jambo hilo, na mwanafunzi niliyemfundisha kuliko wote yuko gerezani anaponda kokoto. Aliyevunja kila sheria anapita anacheka. Kama mna ukweli, sijui muuweke wapi.

Nimekwenda kwa Inspekta kupeleka malalamiko. Karani wake, kijana wa rika langu, alinishauri nianze na "naomba kwa unyenyekevu" na nimalizie na "mtumishi wako mtiifu", la sivyo hayatasomwa. Nikamwambia ya kunyenyekea yamekwisha nyumbani kwetu, yote alikuwa nayo mume wangu. Akayapiga mhuri hivyo hivyo. Jina la kituo nimeliondoa hapa, mengine ni kama nilivyoandika:

*Bwana Inspekta. Namlalamikia Sajini wa kizuizi cha Barabara ya Pugu. Alimhoji mume wangu, Yusufu, dereva, akaandika ndiyo mahali ambapo mume wangu alisema naam. Kwa watu wa pwani neno hilo ni la kuitika, na mtu akiisha itika ndipo hujibu. Sajini hakungoja majibu, na karatasi ile haina jibu hata moja la mume wangu. Nataka maelezo yale yafutwe, na yaandikwe mengine mbele ya mtu ajuaye mazungumzo ya pwani. Fundi aliyetengeneza breki yupo, na yule aliyevunjika mguu yupo. Hakuna aliyewaendea. Nimeambiwa niombe huruma. Siombi huruma, wala sidai kwamba mume wangu asamehewe. Nadai aulizwe.*