Nilimsomea Madam Barua za Baba Yake, Sasa Anamngoja Mlangoni

Admin, nifichie jina tafadhali, maana kwenye ukurasa huu Wakenya wa Dubai wamejaa na wambea hawakosekani. Nina miaka thelathini na nne, kwetu ni Molo, na huu ni mwaka wangu wa sita hapa. Binti yangu wa miaka tisa nimemwacha kwa mama yangu. Kazi yangu ni kumtunza bibi mmoja Mjerumani wa miaka themanini na sita, kwenye villa huku Al Twar. Mwanawe, ambaye namwita sir, ni mtu wa safari, leo Riyadh kesho Singapore. Kwa hiyo mchana kutwa ni mimi, madam na mlio wa AC. Mshahara unaingia, siwezi kulalamika, lakini ni mpweke jamani. Kuna siku nimempigia mtu asiyenijua nikajifanya nimekosea namba, nisikie tu mtu akisema "hello".

Baba yake madam alikuwa askari wa Kijerumani katika Vita Kuu ya Pili. Alipelekwa Urusi madam akiwa mtoto wa miaka mitatu, akawa anaandika barua nyumbani na mkewe anamsomea mtoto. Miaka mingi baadaye mume wa madam alizipiga chapa zote akaziweka kwenye faili. Mwaka jana macho ya madam yalipomkataa, alinipa lile faili akaniambia nimsomee. Nikamwambia, "Madam, mimi Kijerumani sijui hata salamu." Akasema, "Wewe soma tu herufi zilivyo. Kuelewa niachie mimi."

Basi nikawa nasoma kama tunavyosoma Kiswahili, silabi kwa silabi, naye ananirekebisha. Baada ya miezi miwili nilikuwa natiririka, na sielewi neno. Yeye ndiye aliyekuwa akinieleza kwa Kiingereza: hapa anasema kuna baridi, hapa anauliza kama jino langu limeota. Siku moja nikamuuliza kama baba aliwahi kuandika alichokuwa akifanya huko kwenye nchi ya watu. Akasema, "Hata mara moja. Barua zote ni supu na soksi." Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka, kwa sababu na mimi nikipiga simu nyumbani ni hivyo hivyo. Nimekula, nimelala, niko sawa.

Tangu Ramadhani iliyopita kumbukumbu za madam zimeanza kumtoka. Kila saa kumi jioni huniuliza, "Barua ya leo imefika?" Nikimsomea ya zamani anakuja juu, "Hiyo ni ya jana!" Hapo ndipo nilipojifanya mjanja. Nilikuwa nimeshajua ni sentensi zipi humfanya atabasamu, ingawa hizo hakuwahi kunieleza maana yake. Nikawa nazichomoa hapa na pale, nazipanga upya kwenye daftari langu, namsomea kama barua mpya. Alikuwa akipiga makofi! Nakiri nilifurahi kumshinda yeye. Katika nyumba hii hakuna aliyewahi kunisubiri kwa hamu namna ile.

Jumapili moja nikamkuta kwenye kiti cha mlangoni, amevaa viatu na koti zito, na nje ni joto la Agosti.

"Madam, unaenda wapi?"

"Siendi popote. Baba anakuja leo. Si wewe umenisomea?"

Nilikimbilia jikoni, nikalipiga picha lile daftari na kuiambia simu itafsiri. Zile sentensi zangu tamu zote zilisema kitu kimoja: Jumapili nitakuwa nyumbani. Vaa viatu vyako. Ningojee mlangoni, tutakula pamoja. Ndivyo alivyokuwa akiahidi yule baba, kwenye barua baada ya barua, na hakutokea hata siku moja.

Nimeacha kumsomea, lakini haikusaidia. Kila Jumapili anakaa pale na hagusi chakula mpaka baba afike. Jumapili iliyopita aliishiwa nguvu akateleza kwenye kiti, na sir anadhani ni uzee tu. Mwishoni mwa faili kuna barua ambayo madam hajawahi kunipa niisome. Nimeitafsiri kwa siri. Ni ya mkubwa wa jeshi, inamwarifu mama yake madam kwamba mumewe ameuawa.

Rafiki yangu Mganda, anayefanya kazi villa ya pili, haoni shida. "Dada, khalas, yaishe! Msomee hiyo ya kifo. Atalia leo, kesho amesahau. Unaogopa nini?"

Naogopa kwa sababu ya juzi. Nilikuwa nampaka mafuta miguuni, akili ikamrudia kidogo, akaniangalia vizuri kabisa. "Kufa kwake nilimsamehe zamani," akasema. "Zile Jumapili ndizo sijamsamehe."

Jioni yake mama yangu akanipigia. "Huyu msichana wako amekataa kusukwa. Anasema utamsuka wewe ukikuja. Mwalimu analalamika, nywele imekuwa kichaka. Sasa nimwambie nini?" Kabla sijajibu, mtoto akachukua simu. "Mum, ni Disemba hii, si ndio?"

"Eeh mami, hii hii," nikasema.

Mwaka juzi nilimwambia Disemba. Mwaka jana nikamwambia Disemba. Na wiki iliyopita nimemkubalia sir miaka miwili mingine, hata mama yangu hajui. Nililia bafuni na bomba limefunguliwa, madam asisikie.

Leo ni Jumamosi. Kesho asubuhi madam ataniomba viatu vyake, na wakitoka kanisani kule Molo binti yangu atangoja simu yangu. Ndugu zangu, nitukaneni baadaye, kwanza nisaidieni kufikiri, maana hapa sina wa kumuuliza. Ukweli nianze kumwambia nani, huyu wa miaka themanini na sita au yule wa miaka tisa?